Naiona

Mguu wangu wa kulia wakauweka juu ya jiwe la kusagia,
jiwe la mama mkwe, bado lina harufu ya pilipili ya jana.
Kuwa mgumu kama hili, kuhani akasema,
na bwana harusi akainama kunivisha pete za vidole vya mguu,
jasho lake likidondokea kucha zangu.
Kisha tukatolewa uani kuonyeshwa nyota.

Ilikuwa saa tano na robo asubuhi.
Mwezi wa Aani, jua limekaa utosini kama mdai.
Ile pale Arundhati, mke asiyemwacha mumewe,
ndogo ubavuni mwa kubwa,
hazitangulizani, hazifuatani, huzungukana.
Mnaiona?

Mimi hata ncha ya kidole chake niliiona ukungu.
Miwani yangu ilikuwa imezikwa kwenye pipa la mchele
kwa amri ya shangazi: msichana wa vioo haposwi.
Siku ya kuja kutazamwa nilibeba sinia la kahawa
kwa hatua za kukariri,
kumi na moja hadi mkekani, pinda kushoto, inama.

Nikasema: Naiona.
Kando yangu sauti ngeni, nzito, nayo ikasema: Naiona.
Basi tukawa mke na mume.

Yeye fundi wa ishara, stesheni ya Mayavaram,
macho ya kazi, yakipimwa na serikali kila mwaka wa tatu,
nyekundu ni nyekundu, kijani ni kijani.
Miwani yangu aliigundua siku ya tisa.
Hakusema kitu. Jioni alirudi na kamba nyeusi
ya kuivalia shingoni, isipotee.
Huo ndio ukali wake wote.
Sijawahi kumwita jina; kwetu mke halitaji.
Nasema baba Tenmozhi, au nakohoa.

Tenmozhi akasomea mambo ya anga,
akaja likizo na karatasi zake:
Amma, mwezi wa Aani, saa tano asubuhi,
nyota hiyo haijachomoza. Iko chini ya ardhi.
Mlionyeshwa hewa.
Baba yake akaendelea kumenya kitunguu.
Mimi nikawaza: chini ya ardhi,
basi ilikuwa chini ya jiwe, chini ya mguu wangu.

Mwaka huu kambi ya macho ikaja, wakanitoa mtoto wa jicho,
kwanza kulia, mwezi uliofuata kushoto.
Nikaliona vumbi la nyumba yangu, aibu gani!
Nikaona kovu kidevuni mwake. La lini hilo?
Na yeye, kisukari kimemlia kingo za vitu:
anamimina chai kando ya kikombe,
anausalimia mwavuli uliotundikwa mlangoni.

Jana ilikuwa siku yetu. Saa mbili usiku umeme ukakatika,
mtaa mzima ukaguna, tukapanda juu ya paa la saruji
kufuata upepo.
Na kaskazini zilikuwapo, saba, kama upawa uliopinda mpini,
na kwenye mpini, ya pili kutoka ncha,
kubwa, na kando yake,
kama punje ya ufuta iliyobaki mdomoni mwa mlaji,
ndogo.

Miaka thelathini na minane. Ndogo namna ile.

Nikamwambia: siku ile niliona weupe tu.
Akacheka. Mimi nilimwona kunguru juu ya waya,
ameachama kwa joto, nikaogopa ataninyea begani.
Baada ya hapo nilikuwa nalitazama sikio lako.

Nikamshika kidole, kigumu kama msumari wa reli,
nikakiinua, nikakisogeza, juu kidogo, kushoto, hapo.
Akakaza macho kama anayesubiri treni iliyochelewa.
Mbwa akabweka. Jirani alikuwa akitafuta mshumaa na kutukana.
Mkono wake ukaanza kutetemeka ndani ya wangu. Sikuushusha.

Naiona, akasema.

Umeme uliporudi kidole kilikuwa bado juu.